Shajara ya tarumbeta: fundi cherehani anajifunza kutyuni

Jumamosi, Juni 7

Leo nimekabidhiwa tarumbeta. Nimesaini kwenye daftari la kikundi: tarumbeta moja, mausipisi moja, sanduku moja lenye bawaba mbovu. Mausipisi ni kile kikombe kidogo cha chuma unachokibandika midomoni. Nina miaka 34, nashona nguo hapa Lushoto, na mpaka leo nilikuwa sijapuliza kitu chochote zaidi ya jiko la mkaa. Kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu kina watu kumi na mmoja. Sauti ya pili imebakiwa na dada mmoja tu, baada ya kijana aliyekuwa naye kwenda chuo. Ndiyo sababu nimekubaliwa, nisijidanganye.

Lengo: mwisho wa Agosti niwe nimekaa kwenye sauti ya pili ibadani, na asigeuke mtu kunitazama.

Mwalimu amenipa kazi moja. Nipulize noti moja ndefu bila kubonyeza vali yoyote (vile vitufe vitatu vya juu), dakika kumi kila siku, nikichoka niache.

Jumatatu, Juni 9

Nimepakua programu ya kutyuni, yaani kuweka sauti sawa, kwenye simu. Unapuliza, inakuandikia jina la noti, na sindano inakuonyesha kama umeshuka au umepanda. Halafu nikafungua video ya somo la kwanza. Mwalimu wa kwenye video, Mwingereza, akasema: usibonyeze kitu, puliza, hiyo ndiyo C.

Nikapuliza. Simu ikaandika B flati.

Nikapuliza tena, nikakaza mpaka masikio yakaziba. B flati. Kati ya C na B flati pana toni nzima, hatua mbili za kinanda. Nikaona basi, nimepewa tarumbeta mbovu, ndiyo maana yule kijana aliiacha kwa moyo mweupe. Nimesoma kwamba tarumbeta ikishuka unasukuma ndani slaidi kuu, lile bomba la umbo la U lililo mbele, linaloingia na kutoka kama droo. Nikasukuma. Kumbe limeshaingia mpaka mwisho. Nikajaribu kulivuta nione kama linatembea. Halitembei.

Alhamisi, Juni 12

Mazoezi. Nilimwamkia mzee wa besi, kile chombo kikubwa cha sauti ya chini, shikamoo babu, nikamweleza kwamba tarumbeta niliyopewa imeshuka toni nzima na nimeshindwa kuipandisha. Alicheka mpaka akaliweka besi chini. "Mwanangu, ungeisukuma hadi ikatokea Mombo, kule chini ya mlima."

Mambo yako hivi. Tarumbeta yangu ni ya B flati: ukiipuliza bila kubonyeza vali, inalia B flati, F, B flati ya juu, D, na kuendelea. Waingereza na Wamarekani wameshazoea kumwandikia mpiga tarumbeta hiyo noti kama C, yeye akasoma C na kwenye kinanda ikawa B flati. Kikundi chetu hakiandiki hivyo. Tunasoma kile kinacholia, sawasawa na mpiga kinanda, ili sote tutumie kitabu kimoja cha nyimbo na kwaya. Ni mtindo wa matarumbeta ya kanisa la Kijerumani. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufanya kazi Bethel karibu na Bielefeld, ndiye aliyeueneza sana. Na misheni iliyokuja kuitwa ya Bethel ndiyo iliyofungua kituo Mlalo, juu kidogo ya hapa petu, mwaka 1891. Kwa hiyo simu ilikuwa sahihi, Mwingereza alikuwa sahihi, na tarumbeta ilikuwa sahihi. Nimefuta video tatu.

Ila slaidi iliyoganda imeganda kweli.

Jumapili, Juni 15

Kaka yangu alikuja na plaizi. Nilimzuia mlangoni. Bomba la shaba ya njano ni jembamba, ukilibana na plaizi linabonyea, na pakibonyea slaidi haitatembea tena maisha yake yote. Babu wa besi alinipa dawa nyingine: matone ya mafuta ya taa kwenye viungo vyote viwili, uiache usiku kucha, rudia usiku wa pili. Leo mchana nikachukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la mteja, nikakipitisha ndani ya ule mkunjo wa U, nikazungusha ncha zote mbili kwenye ngumi, nikavuta kwa mshtuko, kama unavyokata uzi kwa mkono. Mara ya kwanza, hola. Mara ya nne ikachomoka, nikarudi nyuma nikagonga meza ya cherehani.

Ndani palikuwa na ukijani wa kutu ya shaba na grisi ya zamani iliyokauka kama ukoko wa ugali. Nimeosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji ya moto sana hubandua ile rangi inayong'aa. Slaidi nimeipaka Vaseline, vali nimezitia mafuta ya cherehani. Yale ya vali yenyewe ni mepesi zaidi, lakini haya yanasogeza mambo kwa sasa.

Halafu nikapuliza, hewa ikagoma kabisa, kama nimepuliza ukuta. Nilikaa nusu saa nikitafuta kitambaa nilichosahau ndani. Hakuna. Vali zina namba, 1, 2 na 3, zimechongwa pembeni, na mimi nilikuwa nimerudisha ya kwanza kwenye tundu la tatu.

Jumamosi, Juni 21

Baridi ya kwetu mwezi huu inajulikana. Nimeanza kuandika namba. Programu inapima kwa senti. Nusutoni moja, yaani hatua moja ya kinanda, ina senti 100, na senti hizi hazinunui hata kifungo.

Saa moja asubuhi, tarumbeta imetoka sandukuni ikiwa baridi kama jiwe la mtoni: B flati ya katikati iko chini senti 30. Sikugusa slaidi. Nikapuliza noti ndefu dakika kumi, nikitoa maji mara mbili (watu huita mate, lakini mengi ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji kwenye bomba la baridi). Nikapima tena: chini senti 6. Nikaendelea. Baada ya dakika ishirini sindano ilikuwa juu kidogo, senti 4 au 5.

Ningetyuni saa moja kamili, ningesukuma slaidi yote ndani, na saa moja na nusu ningekuwa shapu, yaani juu, kuliko wote.

Hili nilibishana nalo jioni. Chuma kikipata joto kinarefuka, na bomba refu hulia chini. Basi tarumbeta ya moto ingeshuka, isipande. Mwalimu akasema bomba linarefuka kweli, ila kidogo mno, hata futi yangu ya kupimia nguo haiwezi kuona tofauti. Kinachobadilika ni hewa iliyo ndani. Sauti hukimbia haraka zaidi kwenye hewa ya moto, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, na ikikimbia haraka, noti inapanda. Gitaa hufanya kinyume: kwenye joto nyuzi zinalegea, linashuka. Ndiyo maana mpiga gitaa na mpiga tarumbeta wakikaa juani pamoja, baada ya robo saa hawaelewani.

Jumatano, Julai 9

Wiki mbili mbaya. Nilijifunza kwamba ukipanda unavuta slaidi nje, na kwamba sentimita moja ya kuvuta inaongeza sentimita mbili za bomba, kwa sababu U ina miguu miwili. Hiyo ni karibu robo ya nusutoni. Vizuri. Sasa kila nikipuliza, sindano iko juu. Nikavuta nusu sentimita. Bado juu. Nikavuta sentimita moja. Kesho yake bado. Nikafika sentimita mbili na ushei, na kwenye mazoezi ya Alhamisi iliyopita nikaanza juu, nikamaliza niko chini mno, dada wa sauti ya pili akanifinya.

Leo mwalimu amechukua tarumbeta yangu bila kugusa slaidi, akapuliza kwa mausipisi yake. Ikalia chini, chini kabisa, simu ikaonyesha karibu nusu ya nusutoni.

"Tarumbeta haijapanda," akasema. "Umepanda wewe."

Nilikuwa nabana midomo. Anayeanza huogopa noti itamtoroka, anaikaba, na midomo iliyokabwa huipandisha. Midomo ikichoka inaachia, noti inaporomoka. Slaidi ilikuwa inafukuzana na uchovu wangu. Ameirudisha nusu sentimita kutoka mwisho, akaniambia nisiiguse kwa wiki mbili.

Zoezi jipya: naimba noti kwanza kwa mdomo, kisha naipuliza nimefumba macho, mpaka ninaposikia sauti imejaa. Kuna mahali noti inafunguka yenyewe, inakuwa pana, inalia bila nguvu. Hapo ndipo nafumbua macho kutazama simu. Nikitazama mapema, midomo inaifuata sindano kama kuku anavyofuata punje, na sindano inakaa katikati huku sauti ikiwa nyembamba kama ya mbu. Nilijiona hodari wiki nzima kwa sababu ya sindano hiyo.

Jumamosi, Julai 19

Siku niliyoipenda kuliko zote mpaka sasa.

Noti zisizo na vali zimetulia. Lakini C ya chini, ile ya katikati ya kinanda, inayopigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu, inalia juu hata nikilegeza midomo hadi iwe kama ya mtoto aliyelala. Na B iliyo chini yake, vali zote tatu, ni mbaya zaidi. Nikadhani ni mimi tena. Safari hii nilitoa futi.

Nilipitisha uzi juu ya bomba lote kuanzia panapoingia mausipisi hadi ukingo wa kengele (ule mdomo mpana wa mbele), nikaupima: kama sentimita 137. Si kipimo cha fundi wa vyombo, uzi unapita nje ya mipindo, lakini kinatosha. Kila vali ukiibonyeza inafungua njia ya bomba la ziada. Ya pili ni fupi na inashusha nusutoni, ya kwanza inashusha toni, ya tatu ni ndefu na inashusha toni na nusu. Kushusha nusutoni kunataka bomba lirefuke kwa asilimia 6 hivi, toni asilimia 12, toni na nusu asilimia 19. Kwa bomba la sentimita 137, hiyo ni 8, 17 na 26.

Hapo ndipo ufundi wangu ulipofaa. Mteja ana kiuno cha 70, unamkatia mkanda wa 70 na nafasi ya mshono. Mwaka unaofuata anarudi na kiuno cha 85, anataka mkanda uleule ufike. Hautafika, na wala hukukata vibaya. Mwenye kiuno ndiye aliyeongezeka.

Vali ya tatu imekatiwa bomba tupu la 137. Nikibonyeza zote tatu, napata 8 na 17 na 26, jumla 51. Ila kushusha toni tatu kutoka noti isiyo na vali kunataka karibu sentimita 57. Zimepungua sita. Noti lazima ilie juu, hata apulize nani. Kwa vali ya kwanza na ya tatu, napata 43 na zinatakiwa 46.

Na dawa ipo palepale kwenye tarumbeta, nilidhani ni pambo: ile pete kwenye slaidi ya vali ya tatu. Unaingiza kidole cha pete cha mkono wa kushoto, unaisukuma nje unapopiga noti hizo, unairudisha unapotoka. Kwa hesabu yangu, sentimita moja na nusu kwa C, tatu kwa B. Kwa tarumbeta hii imekuwa pungufu kidogo ya hapo, nadhani aliyeitengeneza aliirefusha slaidi ya tatu kidogo kusudi. Hata sisi huacha akiba kwenye upindo.

Onyo kwa mwingine atakayeshika daftari hili: usivute slaidi ya vali bila kubonyeza vali yake. Hewa inanaswa ndani, slaidi ikichomoka inapiga "pwa!", na kikundi kizima kinageuka.

Jumamosi, Agosti 2

Umeme ulikatika katikati ya mazoezi, kinanda kikanyamaza, na simu yangu ilikuwa asilimia 3. Mwalimu akasema tutatyuni kwa besi. Babu akashika B flati moja, ndefu, tukaingia mmoja mmoja.

Nilipoingia pamoja na dada wa sauti ya pili kwenye noti moja, nikasikia kitu kinapiga ndani ya sauti: wau, wau, wau. Nikadhani ni mtu anatikisa. Kumbe ni sisi. Mmoja akiwa na mitetemo 440 kwa sekunde na mwingine 443, sauti inavimba na kunywea mara tatu kila sekunde. Dukani kwangu nasikia hivyohivyo kila siku, mota mbili za cherehani zikienda karibu sawa na si sawa, zile ngurumo zinazoingia na kutoka. Nilikuwa nazisikia miaka tisa bila kujua nazisikia nini.

Dada akanionyesha: sogeza slaidi polepole huku unapuliza. Mapigo yakipungua kasi, uko njia sahihi. Yakiongezeka, umekosea upande. Wau-wau-wau ikawa wau… wau… halafu ikalala. Zile sauti mbili zikawa moja nene, na nywele zikanisimama mikononi. Namba 440 ilipitishwa kuwa kipimo cha A kwenye mkutano wa London mwaka 1939, na kinanda chetu cha umeme kimewekwa hapo, hakisogei. Lakini jioni ile hakuna aliyekuwa na haja nayo. Tulikuwa sawa na babu, na babu alikuwa popote alipokuwa.

Jumamosi, Agosti 16

Fupi tu. D ya juu isiyo na vali iko chini kidogo kila siku, karibu senti 14, na hilo ni umbile la bomba lenyewe, kila tarumbeta ya B flati inalo. Naiinua kidogo kwa hewa. Ikiwa ndefu na iko peke yake naipiga kwa vali ya kwanza na ya pili. Nimenunua mafuta ya vali, kachupa kadogo kwa bei ya mita mbili za kitambaa kizuri.

Jumamosi, Agosti 30

Harusi, Mombo. Wanasema tarumbeta ya kwanza ya mtu ni ibada, lakini mimi ya kwanza imekuwa nyuma ya pikapu.

Tulitoka Lushoto asubuhi na masweta. Barabara ile ina kona za kutosha, ukifika chini umeshavua sweta na umeshasali. Mombo jua kali, chuma kinaunguza kiganja. Tukapiga kutoka stendi hadi kanisani, watu wakakata mauno barabarani, na sisi tukajiona tuko sawa kabisa. Tulishuka mlima, sauti ikapanda, ila tulipanda pamoja kama abiria wa basi moja, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Kanisani kulikuwa na kinanda cha umeme. Kilipoingia, uso wa mwalimu ukabadilika. Kwa hesabu tupu, kutoka nyuzi 14 za asubuhi ya kwetu hadi 30 za huku, noti inapanda karibu nusu ya nusutoni. Pumzi huipasha moto hewa ya ndani popote ulipo, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hiyo, lakini ilitosha kumfanya bibi harusi atazame juu. Mwalimu akanyoosha vidole viwili vikielekea nje. Tukavuta sote. Yangu ilifika karibu sentimita mbili ndipo wau-wau ikalala. Wimbo wa pili ulikuwa mzuri.

Tulirudi usiku. Nilikuwa nasinzia juu ya sanduku.

Jumapili, Agosti 31

Ibada ya kwanza, ukungu mlangoni, pumzi zinaonekana. Tulichelewa, hapakuwa na muda wa kupasha moto. Nimekaa kiti cha pili kutoka ukutani, dada kushoto kwangu, babu nyuma. Simu iko kwenye mkoba, na mkoba uko chini ya kiti.

Noti ya kwanza ya wimbo ni F, mimi na dada pamoja. Tukaingia. Wau-wau-wau-wau, haraka kama cherehani iliyokanyagwa mpaka mwisho. Niko chini. Sikukaza midomo, ingawa ilitaka. Nikamaliza ubeti wa kwanza nikipuliza taratibu, na katika ule mstari wa nne ndipo nikakumbuka Mombo. Slaidi ilikuwa imelala nje vilevile tangu jana, sentimita mbili nzima.

Mchungaji alipovuta pumzi kuanza ubeti wa pili, nikaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikabaki nusu sentimita. Tukaingia tena. Ikalala. Dada hakugeuka. Nyuma yangu babu aliendelea na besi lake.

Kazi ya wiki: kuosha tarumbeta, vumbi la Mombo limeingia kwenye vali ya pili. Na bawaba ya sanduku.